Kipofu Hakukataa Kuona

Leo nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe. Ni mwaka wa tisa sasa tangu niwe mwalimu wa dini hapa Katuba. Kabla ya hapo nilisoma seminarini, nikafundishwa filosofia, nikafundishwa pia kupima neno kabla halijatoka kinywani. Walakini neno moja lilinitoka, likamfukuza mtoto katika mafundisho. Wala neno lenyewe si tusi. Limo katika kamusi, limo katika Injili, na sisi sote twalitumia kila siku bila kufikiri.

Mambo yalikuwa hivi. Ilikuwa Jumamosi katika majira ya mvua. Watoto wapatao arobaini walikuwa wamekaa juu ya mabenchi, mvua yapiga mabati, nami nimeandika maswali na majibu ubaoni. Nikauliza swali la kwanza, kimya. Nikauliza la pili, kimya. Hasira ikanipanda, nikasema: "Je, mmekuwa vipofu leo? Jibu si liko hapa mbele yenu?" Mara mvulana mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Mwalimu, kipofu ni baba yake huyu!" Akamwonyesha kwa kidole msichana mmoja wa miaka kumi na miwili hivi. Wote wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikatabasamu.

Yule msichana hakulia. Alifunga daftari lake, akalificha chini ya nguo lisilowe, akatoka kwenye mvua. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja.

Baba yake twamjua sote. Huuza makala mbele ya nyumba yake, na mkewe humsaidia kuyapanga mafungu. Ukimwuliza mtu wa mtaa wetu makala yanauzwa wapi, atakujibu, "Nenda kwa Kipofu." Basi nikafungua daftari la shirika letu nitafute jina la mzazi, ili niende kumwona. Nikaona mwandiko wangu mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka: "Kipofu wa makala." Kila mtu katika daftari lile ana jina lake la ubatizo na jina la ukoo wake. Yeye peke yake aliitwa kwa jina la macho yake.

Nikaenda jioni. Alinitambua kabla sijapiga hodi, kwa mwendo wa viatu vyangu.

"Karibu, Mwalimu. Keti."

"Asante, Baba. Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa jambo gani?"

"Kwa neno kipofu."

Akacheka kidogo. "Mimi ni kipofu, Mwalimu. Surua ilinishika nikiwa mtoto mdogo, ikayaharibu macho. Ukisema kwamba kipofu anauza makala, umesema kweli, mimi sichukii. Lakini nimesikia kwamba wale watoto hawakuwa vipofu. Walikuwa wavivu. Kwa nini uvivu wao umeupa jina langu?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea: "Mwenye macho akikataa kusoma, mnasema amekuwa kipofu. Mwenye masikio akikataa kutii, mnasema ni kiziwi. Mimi sikukataa kuona, Mwalimu." Kisha akanyamaza, akauliza kwa sauti ya chini: "Na wewe, jina langu unalijua?"

Hapo ndipo aibu iliponishika kweli. Alinitajia majina yake, nikayaandika. Siyataji hapa, maana hakunipa ruhusa ya kuyatia gazetini.

Njiani nikirudi nilianza kuyahesabu maneno yetu. Mtoto asiyetumwa akaenda, twamwita kiziwi. Mwenye haya asiyejibu wageni, bubu. Mchezaji aliyekosa goli, kilema. Jirani mwenye mawazo tofauti na yetu, mwenda wazimu, au kwa Kifaransa *fou*. Mwanafunzi asiyeelewa hesabu, *crétin* au *mongolien*. Hakuna anayefikiri kwamba ametukana wagonjwa. Kila mmoja ataapa kwamba alikuwa anafanya mzaha tu. Hata mimi ningaliapa hivyo.

Basi nikaliweka jambo hili mbele ya shirika letu, siku ya mkutano. Nilidhani tutamaliza kwa dakika kumi. Tulikaa mpaka usiku.

Wa kwanza kusema alikuwa kijana mmoja anayesoma katika chuo kikuu hapa mjini. Alisema maneno haya yote yafutwe. "Tazameni," alisema, "kiti, kisu, kikapu, kijiko, hivyo ni vitu. Na kipofu, kiziwi, kilema, kiwete? Lugha yenyewe imewaweka watu hawa pamoja na vikapu!" Wengi wakatikisa kichwa, maana hawakuwahi kuliona jambo hilo.

Lakini mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mgodini akasimama. "Mwanangu," akasema, "na wewe kijana, nani amekuweka pamoja na vikapu? Na kiongozi je? Na kinyozi je? Na sisi sote tulio viumbe vya Mungu?" Watu wakacheka sana, hata yule kijana.

Kwa maoni yangu kila mmoja alikuwa na nusu ya kweli. Mzee alisema kweli kwamba *ki-* peke yake si dharau. Hatusemi "kipofu kimekuja" kama tusemavyo kiti kimevunjika. Twasema "kipofu amekuja," maana sarufi yatambua kwamba huyo ni mtu. Na sisi wa Katuba twazidi, kwa kuwa tuna desturi ya kuweka *ba* mbele ya watu kwa wingi na kwa heshima: *ba papa, ba mwalimu*, hata *ba kipofu*. Lakini kijana naye ana haki katika neno moja, nalo ni *kilema*. Neno hili lina kazi mbili. Twasema mtu ana kilema, yaani mguu au mkono wake una kasoro. Tena twasema mtu ni kilema. Mguu umemmeza mwenye mguu, na jina la kasoro limekuwa jina la nafsi.

Wenzetu wa Tanzania waliliona jambo hilo mapema. Waliacha *kilema*, wakasema *mlemavu*. Kisha wakasogea tena, wakasema *mtu mwenye ulemavu*, na sheria yao ya mwaka 2010 yaitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Nchi yetu nayo haikulala. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, yasema habari ya wazee na watu wenye ulemavu, kwamba wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 nchi yetu iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu hao, yaliyopitishwa mwaka 2006. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria maalum ya kuwalinda na kuwainua. Katika Kifaransa sheria hiyo humtaja *mtu anayeishi na ulemavu*. Angalieni mpango wa maneno: *mtu* ametangulia, na ulemavu wafuata nyuma.

Hata hivyo, tusikimbilie kuwachagulia wengine majina. Viziwi wa Tanzania wana chama chao, nacho chaitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Wamelishika neno *kiziwi* bila haya. Lisilowapendeza wengi wao ni *bubu*. Kwa nini? Kwa sababu bubu ni mtu asiye na usemi, nao wana usemi, ila wasema kwa mikono. Alikuwako Mmarekani mmoja mweusi, Andrew Foster, aliyekuwa kiziwi yeye mwenyewe. Alifungua shule ya viziwi huko Ghana mwaka 1957, na baadaye shule nyingine katika nchi nyingi za Afrika, zaidi ya thelathini kwa jumla. Alikufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda tarehe 3 Desemba 1987. Wanafunzi wake walijifunza kusoma, kuhesabu na kubishana kwa lugha ya mikono. Mtu aliyewaona wakibishana hawezi tena kuwaita mabubu.

Wa pili kusema alikuwa mama mmoja mshonaji. Yeye hakupenda mabishano ya sarufi. "Hata mkileta maneno mapya," alisema, "watoto watayafanya matusi kabla ya mvua nyingine. Tumewahi kusema *handicapé* kwa adabu, na leo wavulana waitana *handicapé* uwanjani." Maneno yake yana nguvu, na historia yamshuhudia.

Mfano mkubwa ni lile neno la Kifaransa, *crétin*. Twalisikia leo kama tusi kali kwa mtu asiye na akili. Lakini wataalamu wa lugha wasema kwamba lilitoka katika lugha ya milima ya Alpi, na asili yake ni *chrétien*, yaani Mkristu. Katika mabonde yale walikuwako watu wengi waliozaliwa na akili nzito na mwili mfupi, wengine wakiwa na uvimbe shingoni. Siku hizi twajua kwamba chanzo chake ni ukosefu wa iodini katika chakula, ndiyo maana chumvi hutiwa iodini. Wanakijiji wenzao waliwaita Wakristu, maana yake: hawa nao ni watu, si wanyama, ni wenzetu. Basi jina la huruma kuliko yote, jina letu sisi wenyewe tuliobatizwa, likageuka kuwa tusi. Kwa nini? Kwa sababu jina lilibadilika, lakini macho ya watazamaji hayakubadilika.

Na lile la *mongolien* lina habari yake. Mwaka 1866 daktari Mwingereza John Langdon Down aliona watoto waliozaliwa na hali fulani, akawafananisha kwa sura na watu wa Mongolia. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza huko Ufaransa chanzo cha hali hiyo, nacho ni kromosomu moja ya ziada. Haihusu Mongolia hata kidogo. Kwa hiyo mwalimu anayemwita mtoto *mongolien* kwa sababu ya hesabu awatukana watu wa aina tatu kwa pigo moja: yule mtoto, wale waliozaliwa na hali hiyo, na taifa zima la mbali lisilomkosea kitu.

Basi, je, mama mshonaji ameshinda? Kama maneno yote huchafuka, tuyaache yalivyo? Nilimjibu kwa kazi yake mwenyewe. "Mama, nguo uliyoifua Jumamosi huchafuka Jumatatu. Je, umeacha kufua?" Akatabasamu, akasema, "Hapana, Mwalimu. Lakini sabuni peke yake haitoshi, lazima mikono isugue." Nadhani alisema vizuri kuliko mimi.

Wa tatu alikuwa baba mmoja, dereva wa teksi. Yeye alisema, "Twajisumbua bure. Nikimwambia mwenzangu barabarani kwamba ni kipofu, vipofu wenyewe hawako pale. Hawasikii. Nani ameumia?" Hapa nilikumbuka jambo ambalo nililisoma seminarini, ila sikulielewa mpaka siku ile. Katika sheria ya kale ya Waisraeli, kitabu cha Walawi, limo katazo la kumlaani kiziwi. Fikirini! Kiziwi hawezi kusikia laana. Hata ukiitoa mbele yake, hatajua. Mbona basi imekatazwa? Ni kwa sababu ubaya hauanzi kwake anayesikia, waanza kwake anayesema, na kwao wanaojifunza kutoka kwake. Tena ni nani asiyekuwako? Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani ana ulemavu mkubwa. Katika teksi iliyojaa, katika darasa, katika kanisa, haukosi kuwa na mtu aliyemwacha nyumbani mama, ndugu au mtoto wa namna hiyo. Mimi nilidhani kipofu hayuko darasani, kumbe binti yake alikuwa amekaa mstari wa tatu.

Na neno dogo laweza kufungua mlango wa jambo kubwa. Huko Tanzania watu waliozaliwa bila rangi ya ngozi waliitwa *zeruzeru*, wakachekwa njiani. Kisha likazuka neno la mtaani, *dili*, yaani biashara ya faida, kwa kuwa waovu walieneza uwongo kwamba viungo vyao huleta utajiri. Tangu miaka ya 2006 na 2007 habari za kuuawa na kukatwa viungo zilisikika dunia nzima, na nchi nyingine za Afrika hazikusalimika. Sisemi kwamba neno lilishika panga. Nasema kwamba mtu aliyekwisha kuitwa dili hakuonekana tena kuwa mtoto wa mtu. Siku hizi watu hao wataka waitwe *watu wenye ualbino*, na tangu mwaka 2015 tarehe 13 Juni ni siku yao duniani. Tuwasikilize.

Mwishoni yule mzee wa mgodini akaniuliza swali lililonikaza. "Mwalimu, na Injili je? Utaifuta? Humo wamo vipofu, viwete na viziwi tele." Nikamjibu kwamba sitafuta kitu. Nitaisoma kama ilivyoandikwa. Ila nilimwomba akumbuke yule mwombaji wa Yeriko. Watu wa njia ile walimwona kipofu tu, wakamwambia anyamaze. Lakini Marko mwandishi wa Injili ametuachia jina lake, Bartimayo, na jina la baba yake pia, Timayo. Ameliandika katika kitabu, na watu wa mataifa yote walitamka hata leo. Na mimi, katika daftari la kurasa mia, niliandika "Kipofu wa makala."

Hatukupatana katika yote. Yule mzee aliondoka akinung'unika kwamba karibu tutafungwa midomo, na kwamba mzaha ni chumvi ya mazungumzo. Kijana naye aliona tumelegea mno. Lakini wengi wetu tulikubaliana mambo matatu, nayo nayaandika hapa kwa faida ya mashirika mengine.

Kwanza, tabia mbaya iitwe kwa jina lake. Lugha yetu haikosi maneno: mvivu, mkaidi, mzembe, mjeuri, asiyesikiliza. Mwenye macho asiyetaka kutazama ameamua mwenyewe, lakini kipofu hakuamua. Kuwachanganya hao wawili ni kumsingizia asiye na kosa.

Pili, kila mtu aitwe kwa jina lake. Kama ni lazima kutaja hali ya mwili wake, basi aulizwe yeye mwenyewe neno analolipenda. Mmoja atasema kipofu, mwingine atasema asiyeona. Jibu ni lake.

Tatu, anayekosea asipigiwe kelele mbele ya watu. Arudishwe kwa upole, kama mimi nilivyorudishwa na muuza makala. Maana angeweza kunifukuza mlangoni pake, asifanye hivyo.

Wazee wetu walisema, *hujafa hujaumbika*. Maana yake, asubuhi watembea mwenyewe, jioni waweza kuongozwa kwa mkono. Walisema tena, *akipenda, chongo huita kengeza*. Zamani nilidhani methali hii yamcheka mpenzi asiyeona kasoro. Sasa naielewa kwa namna nyingine. Mpenzi aona vizuri kabisa, ila upendo wamtafutia neno jepesi, lisilomwumiza yule ampendaye.

Jumamosi ya tatu niliwaambia watoto wote kwamba mwalimu wao alikosa, nikawaeleza kosa lenyewe. Yule mvulana wa nyuma aliinamisha kichwa. Jumamosi ya tano msichana akarudi, na daftari lake chini ya nguo. Sikumwuliza kitu. Huitika ninapouliza, na majibu yake ni mazuri.

Mtaani watu bado husema "kwa Kipofu." Mimi nikienda kununua makala nataja jina la mwenyewe, nao huniuliza, "Huyo ni nani?" Nawaeleza, kisha mara nyingine wasahau, nami nawaeleza tena. Na yule mtoto, ingawa amerudi, bado hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango.